Kasi ya Hesabu na Mwendo wa Uchafu Chini ya Magomeni

Uchafu unaoingia ardhini haukai pale ulipoingilia. Ukitoka kwenye choo cha shimo, karo lililopasuka, tangi la mafuta la kituo cha petroli au dampo la zamani, hushuka hadi kwenye maji yaliyo chini, kisha husafiri nayo kupitia nafasi ndogondogo zilizo kati ya punje za mchanga. Dar es Salaam ina sababu ya kuujali mwendo huo kuliko miji mingi. Wakazi wake wengi hawajaunganishwa na mabomba ya majitaka. Ukame wa 1997 ulichochea uchimbaji mkubwa wa visima, vya umma na vya watu binafsi, na kila maji ya Mto Ruvu unaolilisha jiji yanapopungua, kama ilivyotokea wakati wa mgawo wa mwishoni mwa 2022, watu huvirudia visima hivyo. Huko Magomeni, mtaa wa viwanja vidogo na nyumba za Kiswahili zenye ua mmoja, choo na kisima mara nyingi vinatazamana.

Swali linaloulizwa ni jepesi kulitaja: kisima kikae mbali kiasi gani na choo? Majibu yanayozunguka mtaani hayalingani, kwa sababu yametolewa sehemu tofauti kwa shughuli tofauti. Mita 30 ni kipimo cha mwongozo wa Sphere, uliotungwa kwa ajili ya kambi za wakimbizi na maafa mengine, nao unataka pia sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji. Mita 60 ni za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, lakini zinahusu kingo za mito, maziwa na bahari, wala si ua wa nyumba. Ujerumani haianzi na mita. Inahesabu siku 50 za safari ya maji, kanuni iliyotokana na kazi ya Knorr ya miaka ya 1930 kuhusu muda ambao bakteria huishi ardhini. Mwongozo wa ARGOSS, uliotolewa na Shirika la Jiolojia la Uingereza mwaka 2001 kwa ajili ya nchi zinazotegemea vyoo vya shimo, nao unafuata njia ya siku. Siku za safari zina mantiki kuliko mita, lakini hakuna anayeweza kuzipima kwa futi kamba. Lazima zihesabiwe.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia, na mkanganyiko wa pili nao. Wapo wanaodhani programu itatoa jibu la kila nyumba, na wapo wanaosema modeli ni ramli yenye rangi. Wataalamu wenyewe wanagawanyika juu ya njia ipi ya hesabu itumike, kwa kuwa njia iliyo sahihi huchukua siku nyingi na ile ya haraka hupotosha kwa namna ambayo si rahisi kuiona. Kwa jiji ambalo mchanga wake haujapimwa vya kutosha, kasi si anasa ya wanahesabu. Modeli yenye majibu ya dakika chache inaweza kuulizwa mara elfu, kila mara kwa makisio tofauti ya mchanga. Ile ya siku tano itaulizwa mara moja, na jibu lake litachukuliwa kama ndilo.

Mchanga wa jiji na kanuni ya Darcy

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga wa pwani ambao kijiolojia ni wa juzijuzi. Watafiti wanaoujua vizuri, hasa wa Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji pamoja na wenzao Watanzania kama Ibrahimu Mjemah na Yohana Mtoni, wanaueleza kama akwifa mbili, yaani matabaka mawili yanayohifadhi na kupitisha maji. La juu liko wazi na hupokea mvua moja kwa moja. La chini limefunikwa kwa kiasi na udongo wa mfinyanzi unaoyatenganisha. Mfinyanzi huo hauna unene sawa kila mahali, na penye upungufu uchafu wa juu hupata mlango wa kushuka. Magomeni inapakana na bonde la Msimbazi, mto unaotoka vilima vya Pugu na kumwaga maji baharini karibu na Daraja la Salender. Bondeni usawa wa maji uko karibu na uso wa ardhi, na masika yakikolea mashimo ya vyoo hukutana nao ana kwa ana. Msimu huohuo wapo wanaofungulia vyoo vyao vimwagike na maji ya mvua, kile kinachoitwa mtaani kutapisha choo.

Msingi wa hesabu uliwekwa mwaka 1856 na Henry Darcy, mhandisi wa maji wa mji wa Dijon, Ufaransa. Aligundua kwamba maji hupita mchangani kwa kasi inayolingana na mteremko wa usawa wake, ikizidishwa kwa uwezo wa mchanga wenyewe kupitisha maji. Ukigawanya kwa sehemu ya mchanga iliyo tupu, unapata kasi halisi ya safari.

Uchukuliwe mfano wa ua mmoja, choo na kisima vikiwa mita 12 kutoka kimoja hadi kingine. Mchanga upitishe mita 5 kwa siku, robo yake iwe nafasi tupu, na usawa wa maji ushuke kwa nusu sentimita katika kila mita. Maji yatasogea sentimita 10 kwa siku, na safari itachukua siku 120. Kwa kanuni ya siku 50, kisima hicho kimepona. Sasa pampu iwashwe, na mteremko wa kuelekea kisimani uongezeke mara kumi. Safari inakuwa ya siku 12. Mchanga ukiwa mchoyo wa kupitisha, nusu mita kwa siku, na pampu ikiwa imezimwa, ni siku 1,200, zaidi ya miaka mitatu. Ukiwa mkarimu, mita 20 kwa siku, pampu ikivuta, ni siku tatu. Mita ni zilezile 12. Wala tofauti hizo za mchanga si za kubuni kupita kiasi, maana tabaka moja la mchanga wa mtoni linaweza kuwa nazo ndani ya hatua chache.

Kasi ya maji ni theluthi moja tu ya mambo. Uchafu hubebwa na maji, hutawanyika kwa kuwa vijia vya mchangani havilingani, na hubadilika: bakteria hufa au hunasa, benzini ya petroli hunata kwenye punje na kuliwa na vijidudu, naitreti ya vyooni husafiri karibu bila kupungua penye hewa. Naitreti inastahili kutajwa kwa namna yake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, kwa ajili ya watoto wachanga hasa, na kuchemsha hakuiondoi. Kunaizidisha, kwa sababu maji hupungua sufuriani nayo hubaki. Anayeilenga naitreti na anayekilenga kipindupindu hawahitaji modeli moja, jambo linalosahaulika mno katika mabishano ya njia za hesabu.

Kwa nini kompyuta inachelewa

Mambo hayo matatu huandikwa katika mlinganyo mmoja, na mlinganyo huo hauna jibu la kuandikwa kwa kalamu isipokuwa kwa mchanga ulio sawa kila mahali. Hivyo ardhi hukatwakatwa kuwa gridi ya visanduku, muda ukakatwa kuwa hatua, na kompyuta ikahesabu kiasi cha uchafu kinachohama kutoka kisanduku hadi kisanduku.

Gharama yake inakadirika. Eneo la kilomita mbili kwa mbili, kwenda chini mita 30, likikatwa kwa visanduku vya mita moja, linatoa visanduku milioni 120. Katika njia iliyo rahisi kuliko zote kuiandika, hatua ya muda hairuhusiwi kuwa ndefu kiasi cha maji kuruka zaidi ya kisanduku kimoja. Sharti hili lina jina la Courant, mmoja wa wanahesabu watatu wa Ujerumani waliolitoa mwaka 1928. Karibu na kisima kinachovutwa, maji yanaweza kwenda mita 50 kwa siku, kwa hiyo hatua haiwezi kufika hata nusu saa. Hatua 50 kwa siku, kwa miaka 20, ni hatua zipatazo 365,000. Mashine inayosasisha visanduku milioni 100 kwa sekunde itamaliza kazi hiyo kwa takriban siku tano. Mara elfu moja ni karibu miaka 14.

Jibu la haraka ni kukuza visanduku. Vikiwa vya mita 10 kwa upana, idadi inashuka mara mia, hatua za muda zinarefuka mara kumi, na siku tano zinakuwa dakika saba. Ila katika gridi hiyo choo na kisima vyaweza kuangukia kisanduku kimoja, au viwili vinavyogusana, na swali lililoulizwa halipo tena ndani ya hesabu.

Kuna hasara nyingine iliyojificha zaidi. Njia sahili ya kubeba uchafu huchukulia kwamba kilichoingia kwenye kisanduku kimechanganyika humo papo hapo, kwa hiyo ncha ya mbele ya uchafu hulainika kila hatua. Wataalamu huuita ulainishaji huo mtawanyiko bandia, na ukubwa wake hufika nusu ya upana wa kisanduku. Kwa visanduku vya mita 10 ni mita 5. Kwa safari ya mita 12, kanuni ya makisio inayotumika sana, ile ya sehemu moja ya kumi ya safari, inatoa mtawanyiko halisi wa mita 1.2. Yaani mwingi wa mtawanyiko unaoonekana kwenye ramani ya rangi umezaliwa na kompyuta. Athari yake ina pande mbili: uchafu unaonekana kufika mapema kuliko kweli, na wakati huohuo unaonekana mwepesi kuliko kweli. Anayetazama kiwango cha juu cha naitreti atapewa habari njema ya uongo, na anayetazama siku ya kwanza ya bakteria kufika atatishwa bure. Kosa moja linawapotosha wawili kuelekea pande tofauti, na hakuna kinachoonyesha kwenye skrini kwamba kuna kosa.

Gridi iliyozoeleka

Njia ya visanduku ndiyo inayotawala kazi za kila siku, na sababu kubwa ni upatikanaji. MODFLOW ya Shirika la Jiolojia la Marekani ilitoka mwaka 1984, haina ada, na toleo lake la sita lilifuata mwaka 2017. MT3D ya Chunmiao Zheng, ya 1990, iliiongezea usafiri wa uchafu. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au wa Kampala anaweza kuzipakua jioni na kuanza kazi asubuhi, kukiwa na maelfu ya mifano ya kujifunzia. Mbinu isiyo na programu iliyo tayari, hata iwe na kasi gani, katika ofisi ya bonde la mto ni makala tu.

Ndani ya familia hii zipo njia mbili za kuharakisha. Moja ni kuacha sharti la Courant kwa kutatua visanduku vyote kwa pamoja katika kila hatua. Hatua inaweza kuwa ya siku badala ya nusu saa, ila kila moja inadai kutatua mfumo wa milinganyo mamilioni. Utatuzi huo ulipata nafuu kubwa kutoka kwa mbinu ya Hestenes na Stiefel ya 1952 na baadaye mbinu za gridi juu ya gridi, ambazo husahihisha makosa mapana kwenye gridi kubwa na madogo kwenye gridi ndogo, hivi kwamba kazi inakua sambamba na idadi ya visanduku badala ya kuizidi mbali. Hatua ndefu nazo zina mtawanyiko bandia wao. Programu haitasimama wala kutoa onyo. Itaendelea kulainisha.

Njia ya pili ni kubana mtawanyiko bandia ili visanduku vikubwa viwe na maana. Matoleo ya MT3D yaliyofuata yanayo mbinu ya aina hii, inayokadiria umbo la ncha ya uchafu kwa kutazama visanduku kadhaa jirani na kuzuia majibu ya ajabu, kama kiwango kilicho chini ya sifuri. Ni nzuri kwa kweli. Lakini inarudisha sharti la Courant, na kasi iliyopatikana kwa mkono mmoja inatoka kwa mwingine. Toleo la sita la MODFLOW limeongeza jambo lenye manufaa kwa mtaa uliobanana: visanduku vidogo karibu na kisima, vikubwa kwingineko. Kwa Magomeni, ambako kisima si kimoja bali ni vingi katika kila mtaa, faida hiyo hupungua, kwa kuwa sehemu za kukatwa vidogo zinakaribia kuwa eneo zima.

Chembe zinazofuatwa

Kundi la pili la wataalamu linaacha kuhesabu uchafu ndani ya visanduku. Linamwaga chembe za kufikirika kwenye maji na kuzifuata moja moja, kila chembe ikibebwa na kasi ya mahali ilipo na kusukumwa kidogo kwa bahati nasibu ili kuiga mtawanyiko. Wazo lina umri. Konikow na Bredehoeft walitoa programu iliyochanganya chembe na gridi mwaka 1978, na MODPATH, inayofuata njia za maji bila mtawanyiko, ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Chembe hazina mtawanyiko bandia, hazijali sharti la Courant kwa ukali ule, na hugawanywa kwa urahisi kati ya vichakataji vingi, kwa kuwa hazihitaji kusubiriana.

Udhaifu wao ni kelele. Kiwango cha uchafu hupatikana kwa kuhesabu chembe zilizomo mahali fulani, na ili kelele ipungue nusu lazima chembe ziongezwe mara nne. Penye uchafu hafifu, kama sehemu moja kwa milioni, chembe mbili na chembe tano ni tofauti ya bahati tu, ilhali ndipo afya ya mtu inapoamuliwa. Chembe pia hazipatani vizuri na kemia ambayo vitu viwili lazima vikutane ili vibadilishane, mathalani benzini na oksijeni.

Lakini chembe zina uwezo mmoja unaobadili hesabu nzima, nao ni kurudishwa nyuma. Kisima kimoja cha Magomeni kinaweza kuzungukwa na vyoo mia kadhaa. Kwenda mbele, mchambuzi anahitaji kumwaga uchafu kwenye kila choo na kuuliza kama utafika kisimani. Kwenda nyuma, anaanzia kisimani, anageuza mwelekeo wa maji, na kwa mwendo mmoja anapata ramani ya siku za safari kutoka kila ua ulio jirani. Roseanna Neupauer na John Wilson walionyesha mwaka 1999 msingi wa kihesabu wa kugeuza hivyo si kwa chembe pekee bali kwa mlinganyo wote, mtawanyiko ukiwemo. Mara mia kadhaa za kazi zinakuwa moja, bila kununua mashine mpya. Inashangaza kwamba katika mijadala ya kasi jambo hili hutajwa kwa nadra kuliko vichakataji vya bei kubwa, pengine kwa sababu halina sura ya uvumbuzi wa kisasa.

Sharti lake ni kwamba uchafu usibadili mwendo wa maji, na kemia isiwe ya kukutana na kupokonyana. Naitreti katika mchanga wenye hewa inakidhi, na bakteria wanaokufa kwa kasi isiyobadilika wanakidhi. Maji ya bahari hayakidhi, kwa kuwa chumvi huyafanya mazito na uzito huo huelekeza upya mkondo wenyewe. Uchunguzi wa mwaka 2014 wa Marc Van Camp na wenzake kuhusu bahari kuingia kwenye akwifa ya Dar es Salaam kutokana na kuvutwa kwa visima ulitumia modeli zilizorahisishwa, na kwa tatizo zito kiasi kile, kurahisisha umbo la ardhi ilikuwa njia halali ya kupata majibu mengi kwa muda mfupi.

Kipeo cha matriksi

Njia ya tatu haijulikani sana nje ya vyuo, ingawa mmoja wa waliosukuma matumizi yake kwenye miamba yenye vinyweleo ni Mwafrika, Antoine Tambue wa Cameroon. Mwaka 2010, akiwa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt cha Edinburgh, alichapisha pamoja na Gabriel Lord na Sebastian Geiger mbinu ya kuhesabu usafiri wa kemikali katika miamba isiyo sawa ambamo kubebwa na maji kunashinda kutawanyika. Hiyo ndiyo hali inayozitesa njia za kawaida.

Wazo ni hili. Baada ya ardhi kukatwa kuwa visanduku, mabadiliko yote yanayosababishwa na maji na mtawanyiko yanaweza kuandikwa kama matriksi moja kubwa, yaani jedwali la namba. Njia za kawaida hukadiria athari yake kwa hatua fupi fupi. Ila jibu kamili kwa sehemu hiyo linajulikana: ni kipeo cha matriksi, kile kile cha namba e kinachofundishwa sekondari, matriksi ikiwa imekaa mahali pa namba. Anayeweza kukihesabu anaruka hatua ndefu bila kosa la muda kwa sehemu hiyo, na kosa linabaki kwenye kemia pekee.

Tatizo ni neno hilo “anayeweza”. Mwaka 1978 Cleve Moler na Charles Van Loan walikusanya njia kumi na tisa za kuhesabu kipeo cha matriksi na kuziita zote za mashaka. Kwa matriksi ya mamilioni ya safu, kipeo kizima hakiwezi hata kuhifadhiwa. Kilichofungua njia ni kutambua kwamba kipeo chenyewe hakihitajiki. Inatosha kupata matokeo yake yakishazidishwa kwa hali ya sasa ya uchafu, na hayo hukadiriwa kwa matriksi ndogo ya makumi ya safu, iliyojengwa kwa mbinu za Krylov. Hakuna mfumo wa milinganyo unaotatuliwa. Katika ulinganisho wao, Tambue na wenzake waliona mbinu hiyo ikishindana vizuri na zile zilizozoeleka kwa usahihi na kwa muda wa mashine.

Nguvu yake inaonekana pale ambapo mchanga na mfinyanzi vinapishana na kasi ya maji inatofautiana mara elfu ndani ya gridi moja, hali ambayo sharti la Courant huilazimisha gridi yote ifuate kisanduku kimoja chenye haraka. Udhaifu wake ni wa aina tatu. Hatua ikiwa ndefu mno, matriksi ndogo huacha kuwa ndogo na kumbukumbu ya mashine inajaa. Pampu zinazowashwa asubuhi na kuzimwa usiku hubadili matriksi kila mara, na faida ya kuruka mbali inakatizwa. Tena kosa la muda likiondolewa, mtawanyiko bandia wa visanduku haujaguswa, kwa kuwa ulizaliwa kabla, ardhi ilipokatwa. Wanaoisifu mbinu hii hawaukani ukweli huo, ila hawausemi kwa sauti.

Njia nyingine ya karibu nayo, ambayo baadhi ya watafiti hao wa Edinburgh wameishughulikia, ni kukipa kila kisanduku saa yake. Panapotokea jambo panasasishwa mara nyingi, na pasipotokea kitu pananyamaza. Kwa uchafu uliojikusanya kwenye sehemu ndogo, kama petroli iliyovuja chini ya kituo kimoja, wazo hili linafaa. Kwa naitreti inayotoka kila ua, hakuna kisanduku cha kunyamaza.

Modeli za mkato

Njia ya nne huendesha modeli kamili mara mia chache, kisha hufundisha modeli ndogo kuiga majibu yake. Zamani hili lilifanywa kwa kuchuja maumbo machache yanayojirudia. Tangu 2019 na 2020 mitandao ya neva imechukua nafasi, mingine ikifundishwa mlinganyo wenyewe pamoja na data. Baada ya mafunzo, jibu hutoka kwa sehemu ya sekunde, na kuuliza mara elfu kumi si tatizo.

Gharama imehamishiwa mwanzoni. Haikufutwa. Mbaya zaidi, modeli ya mkato hujibu kwa ujasiri uleule ndani na nje ya yale iliyofundishwa. Ikiwa mafunzo hayakuwa na Msimbazi uliofurika, kama mafuriko ya Desemba 2011, au pampu mpya ya ghorofa la jirani, jibu litatoka vilevile, safi na la kuvutia. Katika jiji ambalo visima huchimbwa bila mtu kuarifiwa, hali ya nje ya mafunzo ndiyo hali ya kawaida.

Uzito wa kila njia

Kipimo cha kwanza kiwe ni uchafu gani unatafutwa. Kwa vimelea vya choo, swali ni siku ya kwanza ya kufika, umbali ni mita chache, na kosa la mtawanyiko bandia linaharibu jibu lote. Chembe zinazorudishwa nyuma kutoka kisimani hazina mpinzani hapa. Kelele yao haiumizi, maana kinachosomwa ni siku, wala si miligramu. Kazi hiyo inaweza kufanywa kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida, mara elfu moja, kila mara kwa mchanga mwingine uliokisiwa, na matokeo yakaelezwa kama uwezekano: katika mara elfu, ni mara ngapi safari ilikuwa chini ya siku 50. Jibu la namna hiyo ni gumu kubandika ukutani, lakini ndilo la kweli.

Kwa naitreti ya mtaa mzima mambo yanageuka. Vyanzo ni vingi mno na vimesambaa, miaka ni makumi, na wastani wa kata una maana kuliko wa ua mmoja. Gridi ya mita kumi inayozuia mtawanyiko bandia inatosha, na kipeo cha matriksi kingeongeza kidogo kwa jasho jingi. Kipeo kinastahili nafasi yake mahali ambapo mfinyanzi kati ya akwifa mbili una matundu, na inatakiwa kujulikana kama uchafu wa juu utaifikia akwifa ya chini, vinakovuta visima virefu. Huko kasi zinapishana mara elfu, na njia za kawaida hulazimika kutambaa.

Modeli za mkato zibaki mwisho wa foleni, si kwa kuwa ni mpya bali kwa kuwa zinarithi makosa ya modeli iliyozifundisha na kuyaficha mara ya pili. Zitakuwa na kazi ikiwa siku moja mamlaka ya maji itataka kumjibu kila mwombaji wa kibali cha kisima papo hapo, na nyuma yake ikawa na modeli kamili inayosasishwa.

Kipimo cha pili ni kile kisichojulikana. Katika ua ule wa mita 12, majibu yalianzia siku tatu hadi zaidi ya miaka mitatu, na tofauti yote ilitokana na vitu viwili: mchanga unapitisha kiasi gani, na pampu inavuta kiasi gani. Hakuna njia ya hesabu kati ya nne zilizotajwa inayotofautiana na nyingine kwa kiasi hicho. Mara elfu za kuendesha modeli zinaonyesha upana wa kutojua, na zaidi ya hapo zinaonyesha ni kipimo gani kingeupunguza haraka. Upitishaji wa mchanga unaweza kupimwa kwenye kisima kilichopo, kwa kuchota maji ghafla na kuhesabu dakika usawa unazochukua kurudi. Vinavyohitajika ni ndoo, kamba yenye alama na saa, na vipimo vichache vya aina hiyo kati ya Magomeni Mapipa na bonde la Msimbazi vingelibana jibu la ua ule kuliko mara elfu nyingine za modeli yoyote.